Sinagogi Mtandaoni na Kusomea Urabi kwa Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nilianza kumwandikia dada yangu aliyeko Eldoret. Akawapa wenzake, nao wakawapa wenzao, na sasa napata ujumbe kutoka kwa watu nisiowajua, wa Nakuru, wa Goma, wa Maskati. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee Minnesota, Marekani. Niliingia Uyahudi nikiwa mtu mzima, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa kusomea urabi kwa njia ya mtandao. Kila Ijumaa jioni rabi wetu anapoongoza sala kupitia Zoom, mimi ndiye ninayewafungulia watu mlango.

Rabi ni nani? Ni kama padri?

Hapana. Kazi ya kutoa sadaka madhabahuni ilikuwa ya makuhani, na ilikoma Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Rabi ni mwalimu. Mtu aliyekulia pwani ataelewa haraka nikisema rabi yuko karibu zaidi na sheikh mwenye elimu kuliko padri. Sala inaweza kuongozwa na muumini yeyote anayeijua, na mtu haungami dhambi kwa rabi. Anachofanya rabi ni kufundisha, kujibu maswali ya sheria, kukaa na wagonjwa na wafiwa, na kuwashika watu pamoja.

Idhini anayopewa inaitwa smikha, maana yake kuegemeza mikono, kama Musa alivyomwekea Yoshua mikono. Wanaojua ijaza, idhini ya kufundisha wanayopeana wanazuoni wa Kiislamu, wanajua ninachosema: mwalimu aliyeidhinishwa anamwidhinisha mwanafunzi wake, naye atamwidhinisha wake. Lishike hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye suala la vyeti.

Sinagogi ya mtandaoni ni sinagogi kweli?

Inategemea unamuuliza nani, na sitaki kukuficha kwamba Wayahudi wenyewe hawajakubaliana.

Kuna sala ambazo mtu anaweza kusali peke yake, na kuna zinazohitaji minyani, yaani watu wazima kumi. Kadishi, sala ya wafiwa, ni mojawapo. Kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wa mkondo unaoshika sheria kwa ukali, kumi hao ni wanaume na wawe chumba kimoja. Kuonana kwenye skrini hakuhesabiki. Kamati ya sheria ya marabi wa mkondo wa Conservative, ulio katikati, ililichunguza suala hili mwaka 2001, wakati intaneti nyingi bado zilipita kwenye waya wa simu. Ikaamua kwamba kumi lazima wawe mahali pamoja, ila mtu aliye mbali anaweza kuunganishwa nao, asikie, aitikie amina. Ndipo ikaja korona. Machi 2020, masinagogi yakiwa yamefungwa na watu wakizika jamaa zao bila mtu wa kuwashika mkono, viongozi wa kamati hiyohiyo waliruhusu minyani ya video kama hatua ya dharura. Mkondo wa Reform, ulio huru zaidi, na ile iliyo karibu nao haikuwa na vizuizi vikali hivyo.

Rabi wetu anahesabu kumi wanaoonana na kusikizana, na anawaambia wageni waziwazi kwamba marabi wengine hawamfuati katika hilo. Mimi namfuata, na nitakueleza kwa nini. Yupo mama mmoja anayesali nasi, umri wake unapita miaka themanini, hatoki nyumbani tena. Mwaka jana alifiwa na kaka yake. Ijumaa ya kwanza aliianza Kadishi maikrofoni ikiwa imezimwa. Tuliona midomo yake ikitembea na karatasi ikitetemeka mkononi, lakini sauti hatukuisikia. Rabi akanyamaza. Hakuna aliyesema "mama, huna sauti." Nikaifungua maikrofoni yake, rabi akamwambia, "Anza tena, tunakusubiri," naye akaanza upya. Watu kumi na saba, miji kumi na moja, wakamwitikia amina. Anayetaka kuniambia hiyo haikuwa sinagogi ana haki ya hoja zake za kisheria, na nitazisikiliza kwa heshima. Lakini mama yule hakufiwa peke yake.

Si ni mwiko kuwasha vifaa vya umeme siku ya Sabato?

Kwa Waorthodoksi ni mwiko, na ndiyo maana huwezi kumkuta Mwothodoksi kwenye ibada ya Zoom Ijumaa usiku. Wengine huwasha kompyuta kabla ya jua kuzama na kuiacha hivyo bila kuigusa. Wengine hawaoni tatizo. Ukija kwetu hatutakuuliza umefanyaje.

Sabato inaanza kwa saa za wapi?

Za pale ulipo wewe. Jua likizama Kisumu, kwako ni Sabato, hata kama New York bado watu wako kazini mchana wa Ijumaa. Ibada yetu ni saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York. Afrika Mashariki hiyo ni saa nane usiku wakati wa baridi ya huku, na saa saba usiku wakati wa kiangazi. Wapo wanaokesha. Wengi huwasha mishumaa yao kwao jioni na kuhudhuria darasa la Jumapili.

Hapa niruhusu nitoke nje ya swali kidogo, kwa sababu jambo hili lilinifurahisha mno. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa kama mwaka 200, inaanza na swali la wakati: Shema ya jioni, sala ya kukiri Mungu mmoja, isomwe kuanzia lini? Ikifika kwenye Shema ya asubuhi, Rabi Yehoshua anasema mwisho wake ni saa tatu, kwa kuwa wana wa wafalme huamka saa tatu. Mwenzangu wa masomo, Mmarekani, alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu: jua linachomoza saa fulani, ongeza tatu. Mimi sikuhitaji kalamu. Saa tatu ni saa tatu! Watu wale walihesabu saa tangu kuchomoza kwa jua kama bibi yangu alivyohesabu, na siku yao ilianza magharibi, kama vile watu wa pwani wanavyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku unaoitangulia. Tena sheria inaigawa mchana mafungu kumi na mawili, hivyo Ulaya saa moja ya kisheria hurefuka na kufupika kwa majira. Kwetu karibu na ikweta inabaki karibu dakika sitini mwaka mzima. Miaka mingi nilidhani Kiswahili changu kitakuwa mzigo katika masomo haya.

Nani anakaribishwa?

Aliyezaliwa Myahudi na hajui kusoma hata herufi moja ya Kiebrania. Mke au mume wa Myahudi, mwenyewe akiwa Mkristo au Mwislamu. Mtu ambaye baba yake tu ndiye Myahudi: sheria ya kale inafuata mama, ila mkondo wa Reform wa Marekani tangu 1983 unamtambua pia mtoto wa baba Myahudi akilelewa hivyo. Kiziwi, maana tuna maandishi kwenye skrini. Mwenye maradhi yasiyomruhusu kutoka nje. Mtu mweusi.

Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye sinagogi ya matofali, katika mji ambao sitautaja, nilivaa gauni langu zuri nikabeba kitabu cha sala. Mtu aliyekuwa mlangoni akanielekeza jikoni. Alidhani nimekuja kuhudumia chakula. Nilikwenda hadi jikoni, nikasimama kidogo, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ilipita miezi minne ndipo nikajaribu tena, na safari hiyo ilikuwa kwa rabi wetu, kwenye simu, nikiwa nimekaa kitandani. Alinisalimia kwa jina na kuniuliza kama ningependa kusoma baraka ya mishumaa. Ndiyo maana niliomba kazi ya mlango.

Na wapenzi wa jinsia moja?

Ndiyo, wanakaribishwa. Hili si la jana: Beth Chayim Chadashim ya Los Angeles ilianzishwa mwaka 1972 kwa ajili yao, na leo mikondo ya Reform, Reconstructionist na Conservative inawapa smikha. Waorthodoksi hawakubali. Ninajua pia ninawaandikia baadhi ya watu wanaoishi penye sheria kali. Basi sikiliza: unaweza kuingia kamera ikiwa imezimwa, kwa jina lolote utakalo, na ibada zetu hazirekodiwi.

Mimi ni Msabato, au nasali na Wayahudi wa Kimasiya. Si ni kitu kimoja?

Hapana, na ni vizuri nikuambie mapema kuliko ukaja kuumia baadaye. Wasabato ni Wakristo wanaoshika siku ya saba. Makanisa ya Kimasiya hupiga baragumu ya pembe na kuvaa shali za sala, lakini imani yao ni kwa Yesu kama Masiya, na hapo ndipo mikondo yote ya Uyahudi, ule mkali na ule laini, inasema kwa sauti moja kwamba huo si Uyahudi. Njoo kama mgeni, uliza, imba nasi. Hatutakudharau wala kukushawishi uache imani yako. Uyahudi hautafuti waumini.

Nikitaka kuwa Myahudi, kila kitu kitafanyika mtandaoni?

Masomo, ndiyo, na huchukua kama mwaka au zaidi. Mwisho wake, kwa rabi wetu na kwa wengi, ni maji. Unahojiwa na baraza la watu watatu. Baadhi ya marabi wanakubali lifanyike kwa video. Kisha unazama mwili mzima katika maji ya asili: birika maalumu liitwalo mikve, au mto, au ziwa. Bahari pia inafaa, hivyo aliye Lamu au Tanga hana haja ya kutafuta birika. Wanaume hutahiriwa, na aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu. Mambo haya hayapiti kwenye waya wa intaneti, na mimi nafurahi kwamba hayapiti. Nilizama kwenye ziwa moja Minnesota mwezi wa tisa, maji baridi kama barafu, mashahidi wangu wakishikilia kanga kunisitiri.

Nitapata viza ya Israeli?

Kama hilo ndilo lililokuleta, usianze. Israeli ina Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia huko, lakini serikali ndiyo inayoamua inamtambua nani, na wizara yake ya mambo ya ndani imewahi kuwakatalia Wayahudi wa Uganda walioingizwa Uyahudi na marabi wa Conservative. Na mtu yeyote anayekuomba pesa akuahidi Uyahudi pamoja na viza, mkimbie.

Kuna marabi Waafrika?

Wapo, na hadithi yao ndiyo inayonifanya niamini masomo ya mbali.

Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna watu kama 2,000 wanaoitwa Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyekuwa amegombana na Waingereza, alisoma Agano la Kale akalishika kama lilivyo, akajitahiri yeye na wanawe, akatangaza kuwa Myahudi. Hakuwa na mwalimu. Mwaka uliofuata alipita mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yusufu, akakaa nao miezi kama sita akiwafundisha kalenda, sala na vyakula halali, kisha akaenda zake. Miezi sita ya mwalimu mmoja iliwalisha miongo. Idi Amin alipopiga marufuku Uyahudi, walisali kwa siri hadi alipoanguka mwaka 1979. Mwaka 2002 walikuja marabi wa Conservative kutoka ng'ambo, na mamia ya Abayudaya wakapitia baraza na maji rasmi.

Kijana wao, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles mwaka 2003 kusoma kwenye Ziegler School, chuo cha marabi wa Conservative, akiwa na mkewe na watoto, akapata smikha mwaka 2008, akarudi Nabugoye kufungua shule ya marabi. Baadaye wananchi wa Bungokho Kaskazini, wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge.

Hesabu: miaka mitano, familia nzima, bahari mbili, ili jamii ipate mwalimu mmoja. Si kila aliye na kiu anaweza kupata ufadhili wa namna hiyo. Ninapomwona kijana wa Kenya akiwasha simu saa tatu usiku kusoma Mishna na mtu aliyeko Berlin, namkumbuka Yusufu aliyelazimika kuondoka.

Wanafunzi wa urabi mtandaoni wanasoma nini?

Torati na wafafanuzi wake, Mishna, Talmudi (mijadala ya marabi juu ya Mishna), sheria, historia, mpangilio wa sala, Kiebrania na Kiaramu kiasi, na kutunza watu hospitalini. Wale wanaosomea uhazani, yaani uongozaji wa sala kwa kuimba, wanajifunza pia nyimbo na alama za kughani Torati.

Namna ya kusoma inafaa mtandao kuliko unavyodhani. Tangu zamani Talmudi haisomwi kimyakimya: inasomwa wawili wawili, kwa sauti, kwa kubishana. Usomaji huo unaitwa havruta. Darasa la watu thelathini kwenye skrini huchosha, lakini watu wawili na ukurasa mmoja katikati yao wanaweza kusahau kabisa kwamba kuna skrini. Mwenzangu nimemwona ana kwa ana mara mbili tu maishani, na ndiye mtu anayejua vizuri zaidi namna ninavyokosea.

Muda hutofautiana mno. Seminari kubwa za makazi huchukua kama miaka mitano. Mpango wa ALEPH, wa wafuasi wa Rabi Zalman Schachter-Shalomi aliyefariki mwaka 2014, husomesha kwa video na kuwakutanisha wanafunzi mara kadhaa. Nao huchukua miaka. Zipo pia programu za mwaka mmoja, zinazolenga watu wenye elimu tayari ambao tayari wanaongoza jumuiya.

Cheti cha urabi wa mtandaoni kinatambulika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na naona linaulizwa vibaya. Hakuna ofisi moja duniani inayosajili marabi. Smikha ni ya mtu kwa mtu, kwa hiyo swali ni: nani amekujaribu, na yuko tayari kujibu kwa ajili yako ukikosea?

Regina Jonas alisoma Berlin, kwenye chuo cha elimu ya Kiyahudi, akaandika tasnifu kuhusu iwapo mwanamke anaweza kuwa rabi kwa mujibu wa sheria. Akafaulu. Mwalimu ambaye angempa smikha alifariki, na wengine hawakutaka kuweka saini. Alisubiri miaka. Tarehe 27 Desemba 1935, Rabi Max Dienemann wa Offenbach alimhoji mwenyewe, akatia saini. Hakuwa na jengo nyuma yake, wala sherehe. Alikuwa na mzee mmoja mjuzi aliyesema: huyu nimempima. Wapo waliomkatalia jina la rabi hata hivyo. Aliendelea kufundisha na kufariji watu hadi ndani ya kambi ya Theresienstadt, na mwaka 1944 Wanazi wakamuua Auschwitz. Hati zake zilikaa kwenye nyaraka za Berlin Mashariki hadi zilipoonekana mwaka 1991. Hadi wakati huo wengi walidhani mwanamke wa kwanza kuwa rabi ni Sally Priesand wa Marekani, mwaka 1972. Alysa Stanton, Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kuwa rabi, alipata smikha mwaka 2009.

Kwa hiyo ukiletewa programu ya mtandaoni, usiulize kwanza kuhusu muhuri. Uliza majina ya walimu. Waliidhinishwa na nani? Utafanya mtihani wa mdomo? Kuna mtu atakayekuona ukiwa na mgonjwa, ukiwa umechoka, ukiwa umekosea? Unaweza kushindwa? Programu ambayo haimwangushi mtu yeyote inauza karatasi, na atakayeilipia gharama kamili ni mfiwa utakayesimama mbele yake bila kujua la kusema. Jua pia mapema kwamba vyama vikubwa vya marabi haviwapokei wahitimu wa kila programu, na baadhi ya masinagogi yatakukatalia kazi.

Ni lazima nijue Kiebrania?

Kuhudhuria, hapana. Kusomea urabi, ndiyo. Lakini usiogope: anayejua Kiswahili ameshabeba maneno mengi ya ukoo uleule kupitia Kiarabu. Roho ni ruakh, damu ni dam, nabii ni navi, elfu ni elef, sadaka ni tsedaka, saa ni shaa. Kiingereza kitakuhitajika, kwa sasa, kwa kuwa madarasa mengi yanafundishwa kwa lugha hiyo.

Gharama ni kiasi gani?

Ibada ni bure. Masomo ya smikha hulipiwa, na ada zinatofautiana sana. Omba ipunguzwe, kuomba si aibu.

Ijumaa yangu ya kwanza nijiandae vipi?

Mishumaa miwili ukiwa nayo, kikombe cha maji ya zabibu, mkate wowote. Mtandao ukiwa dhaifu zima kamera, sauti itafika vizuri zaidi. Kitabu cha sala kinaonyeshwa kwenye skrini, Kiebrania na matamshi yake kwa herufi za kawaida. Andika jina unalotaka kuitwa, maana rabi atakusalimia kwa hilo. Kama una mtu unayemlilia, niandikie jina lake kabla ya Kadishi, nalo litasomwa. Ukichelewa ingia tu, mlango haufungwi.